Aksan ya Léontine

Ukitaka kumkasirisha Léontine kabla hajanywa chai ya asubuhi, andika jina lake bila kile kialama kinachokaa juu ya e ya kwanza. Hatakugombeza. Atachukua kalamu, atakiweka kialama mwenyewe, kisha atakurudishia karatasi yako huku akikutazama mpaka uone haya. Kialama hicho kwa Kifaransa huitwa aksan, na watu wa parokia walimpa jina la Mama Aksan. Yeye alilijua, na wala halikumuuma. Alisema kila mtu amepewa jina moja tu duniani, na asiyeweza kuliandika sawasawa bora aache kuliandika.

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mwandishi wa parokia ya Tsilo, kule Djugu. Ubatizo, ndoa, mazishi, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha fujo ikafika. Watu wakakimbia, ofisi ya parokia ikachomwa, na vitabu vya ubatizo vikaungua, kitabu cha kwanza pamoja na nakala yake. Léontine aliingia Bunia na begi la nguo na kompyuta ya mkononi, akiwa nyuma ya pikipiki ya Yannick, mume wa mdogo wake Glodie. Yannick alikuwa ameondoka mjini asubuhi ile, wakati watu wote walikuwa wanakuja upande huu, akaenda upande ule kumtafuta shemeji yake. Mambo kama hayo mtu hayasahau hata akitaka.

Hapa mjini Padri Josaphat, aliyekuwa paroko wa Tsilo, alimpatia chumba kidogo nyuma ya kanisa moja la mtaa wa Sukisa. Humo Léontine akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma kuifanya. Alianza kukitengeneza upya kitabu cha ubatizo kutoka midomoni mwa watu. Alizunguka kwenye kambi za wakimbizi pembeni ya mji, akapiga simu kwa waliokwenda Irumu na waliofika mpaka Boga. Jina, siku ya kuzaliwa, baba, mama, msimamizi. Miaka mitatu hiyo, mwenzangu. Sasa ndani ya kompyuta yake kulikuwa na majina elfu mbili mia tatu na kumi na saba.

Na usidhani ilikuwa ni kazi ya kupoteza muda. Mtoto wa Tsilo aliyetaka kuandikishwa shule, msichana aliyetaka kufunga ndoa kanisani, wote walikuja kuulizia mstari wao katika kompyuta ile, kwa kuwa hawakuwa na karatasi nyingine yoyote. Wazee kadhaa waliompa majina walikuwa wamekwisha kufa. Majina hayo yakipotea mara ya pili, hakuna wa kumrudia kumuuliza. Léontine alilijua hilo kila alipofungua kompyuta na kila alipoifunga.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mtoto mmoja aliandikishwa na shangazi yake kambini, halafu baba yake akamtaja tena kwa simu kutoka Irumu, na kila mmoja alimtamka kwa namna yake. Ofisi ya askofu ilikuwa tayari kukipiga muhuri kitabu kipya, mradi kila mtu aonekane humo mara moja tu. Padri Josaphat alipaswa kukipeleka Ijumaa. Léontine alijaribu kutafuta waliorudiwa kwa macho yake mawili, mstari kwa mstari, na baada ya wiki mbili alikuwa amefika herufi ya D na macho yanatoa machozi.

Hapo ndipo Plamedie alipoingia. Plamedie ni mtoto wa ubatizo wa Léontine, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayeshughulika na takwimu za hospitali kule Nyankunde. Aliandika programu ndogo ya ukurasa mmoja inayoweka majina yanayofanana kandokando, ili mtu aamue mwenyewe kama ni mtu mmoja au wawili. Ukurasa huo ulikuja kwa WhatsApp, mwepesi kabisa. Shida ni kwamba ukurasa peke yake haufanyi kitu. Lazima kwanza kompyuta iwekewe programu kubwa, ile waandishi wa programu wanayotumia kuandikia na kuendeshea kazi zao. Léontine alipoelezwa alicheka, akasema basi ni programu ya kuzaa programu, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili sasa anaambiwa awe mkunga wake.

Jumapili baada ya misa Plamedie alimpigia simu na kumpa masharti, na aliyatoa bila kupaka asali, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dozi. Kabla ya kuweka chochote, hakikisha kuna nakala ya majina nje ya kompyuta. Léontine akajibu kwa fahari kwamba nakala anayo siku zote, iko kwenye flashi. Na flashi yenyewe iko wapi? Léontine akaitazama. Ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta, palepale ilipokaa tangu siku aliyoinunua, ili isipotee.

Plamedie akamwambia kwa upole kwamba kitu kibaya kikiingia kwenye kompyuta, kitaila na flashi hiyohiyo, na kompyuta ikiibwa, flashi inakwenda nayo. Nakala mbili zinazokaa mahali pamoja ni nakala moja. Akamwomba aichomoe na kuipeleka kwa Padri, upande wa pili wa mji. Léontine aliichomoa. Maneno hayo ya nakala mbili yalimchoma, kwa sababu ambayo Plamedie hakuijua. Kuhusu kuipeleka, alisema ataipeleka akimaliza kusahihisha aksan. Akaifunga ndani ya leso na kuitia kwenye mkoba wake.

Masharti mengine yalikuwa haya. Programu ichukuliwe kwenye anwani ya wale walioitengeneza, si kwa mwingine. Mtu akikuambia uzime antivirus ili programu iingie, usizime. Na kama faili imefika kwa mkono wa mtu, ipimwe alama yake ya kidole. Léontine alidhani amesikia vibaya. Plamedie akaeleza kwamba kila faili ina alama yake, mstari wa herufi na namba sitini na nne, ambao kompyuta yenyewe inaweza kuukokotoa. Watengenezaji wanautangaza mstari huo kwenye anwani yao. Ukipata mstari uleule, faili ni ileile waliyoitoa. Mtu akiwa amegusa hata nukta moja ndani yake, mstari unabadilika wote. Jambo hilo Léontine alilielewa kuliko Plamedie alivyotazamia. Mstari ulipofika kwa ujumbe wa simu, pamoja na amri ya kuukokotoa, aliunakili kwa mkono kwenye karatasi, herufi nne nne, kwa mwandiko wake wa vitabu vya ubatizo.

Sasa, programu hiyo ni nzito, na mega za simu, yaani vifurushi vya intaneti, zinakwisha haraka, kwa hiyo hapa kwetu vitu kama hivyo watu hupeana kwa flashi. Mmoja akishapata, basi mtaa mzima umepata. Hakuna anayeuliza ilitoka wapi, watu wanaangalia nani ameileta. Na aliyeileta kwa Léontine, siku ya Jumanne saa nane mchana, alikuwa Yannick.

Yannick ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko, na alikuwa amesikia kwa Glodie kwamba dada yake anahangaika. Alifika na kompyuta yake begani na flashi mfukoni, amefurahi kweli. Alisema kila kitu kimo, yeye mwenyewe anaitumia, dakika kumi tu kazi imekwisha. Akavuta kiti, akanyoosha mkono kuelekea kompyuta ya Léontine, na akaongeza jambo moja la mwisho kana kwamba si kitu.

"Antivirus tutaizima kwanza, shemeki. Inasumbuaka bure."

Léontine akakumbuka sharti la Plamedie. Akaweka kiganja chake pale pa kuchomekea flashi, polepole, kama anapangusa vumbi. Akamwambia shemeji yake angoje chai. Akaenda kumimina chai, na hapo kwenye chupa ya chai akasimama muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Maana ilikuwa ni taabu, usione hivi. Yannick si muuzaji wa barabarani. Ni mume wa mdogo wako, ni mtu aliyekutoa kwenye moto kwa pikipiki yake, ni mtu uliyelala nyumbani kwake mwaka mzima na hakukuonyesha uso mbaya hata siku moja. Kitu alichokuletea kwa mkono wake unakipokea kwa mikono miwili. Kukipima mbele yake ni sawa na kunusa chakula ambacho shemeji amekupakulia. Na kukikataa ni vibaya zaidi. Lakini ndani ya kompyuta ile kulikuwa na watu elfu mbili na zaidi, na wengine kati yao hawakuwa na mahali pengine popote palipoandikwa kwamba walizaliwa. Alitamani Plamedie angekuwepo amsemee. Hakuwepo.

Akarudi na vikombe viwili na ile karatasi yake.

"Yannick," alisema, "Plamedie amenipa kazi, na macho yangu imechoka. Unisaidie. Usichomeke kwangu kwanza. Fungua kwa mashini yako, weye usome, miye nafuata kwa karatasi."

Yannick aliuliza kusoma nini, naye akamweleza habari ya alama ya kidole. Uso wa Yannick ukabadilika taratibu. Yeye ni fundi, aliwahi kusikia habari hizo, hakuwahi kuzifanya. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo shemeki unanipima."

"Siyo weye," alisema Léontine. "Ni woga yangu. Ukisoma weye mwenyewe, miye nitalala usingizi. Akisoma mutu mwingine, hapana."

Hakuwa amelipanga hilo neno, lilitoka tu, na lilikuwa la kweli. Yannick alimtazama. Kisha akafungua kompyuta yake, akachomeka flashi kwake, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na Léontine akamsomea amri ya Plamedie kutoka kwenye simu. Mashine ikafikiri kidogo. Mstari mrefu ukatokea. Yannick akakohoa kama katekista anayeanza somo.

"C ya Congo," alisema.

Léontine alikuwa ameweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya karatasi yake. Ilikuwa namba nne.

Akamwomba arudie. Yannick akarudia: C ya Congo, kisha saba, kisha tena saba, kisha A ya Aru. Kwenye karatasi: nne, tisa, B, sifuri. Wakaruka mpaka katikati ya mstari, haukukutana. Wakaenda mwisho, haukukutana. Léontine alikuwa amejitayarisha kwa herufi sitini na nne, amevaa miwani na kuweka rula, na shauri lilikuwa limekwisha kwenye ya kwanza.

Yannick akasema labda hili ni toleo jingine, na hilo lilikuwa neno la haki. Wakampigia Plamedie, simu ikawekwa juu ya meza ili wote wasikie. Akauliza jina kamili la faili na namba ya toleo, Yannick akamsomea. Toleo lilikuwa lilelile. Léontine akauliza kama yawezekana ni sikio tu limekosea. Plamedie akajibu kwamba sikio likikosea, herufi moja au mbili zinatofautiana na nyingine zote zinakubaliana. Hapa hakuna iliyokubaliana. Hii si faili ya wale watu. Kuna aliyeifungua akatia kitu chake ndani, na ndiyo sababu antivirus inapiga kelele.

Yannick alichomoa flashi, akaigeuzageuza mkononi. Akaeleza kwamba aliipata kwa Fulgence, jirani yake wa sokoni, mtu safi anayemjua tangu utoto, na Fulgence aliipata kwa mtu aliyetoka Kampala. Alieleza yote hayo kwa sauti ya chini, na hakuwa anamweleza Léontine. Kisha Léontine akaona jinsi jambo jingine lilivyomfikia usoni. Tangu mwezi uliopita, pale kibandani, folda za wateja zilikuwa zinageuka kuwa vimshale visivyofungua kitu ukizigusa, dalili ya virusi, na yeye alikuwa analaumu flashi za wateja.

"Nimeigawia batu," alisema. "Batu tisa. Na masomo."

Maana ya masomo ni shule moja ya jirani, ambayo aliiwekea programu hiyo kwenye kompyuta zake sita. Léontine alitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Halikuwa la kweli kabisa, kwa hiyo hakulisema. Alimwambia tu amalize chai. Yannick alimaliza, akafunga begi lake, akaaga kwa adabu. Jioni Glodie alipiga simu kuuliza mume wake amekuwaje, mbona hataki kula.

Léontine mwenyewe hakula. Alijiona amemvunjia heshima mtu wa maana kuliko wote mjini hapa, hata kama mstari ulimpa haki. Alijua Yannick angeweza kukaa miezi asikanyage Sukisa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikanyaga kesho yake, saa sita mchana, amejaa vumbi. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka na pikipiki kwa wale watu tisa, mmoja mmoja, kuwaambia waitoe programu ile na wasichomeke flashi zao kwa wengine. Wawili walimcheka. Mmoja alimtukana. Mkuu wa shule alimshukuru na kumpa kompyuta zote sita azisafishe. Aliyasimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, kisha akatoa simu.

"Nimetia mega," alisema. "Tutashusha yenyewe, kwa mashini yako, bila flashi katikati. Plamedie atupatie anwani."

Plamedie akaitaja anwani herufi kwa herufi, akawaonya wasibonyeze lile tangazo linalotokea juu kabisa ukitafuta jina la programu, kwa kuwa juu kabisa hukaa aliyelipia, si mwenye mali. Faili ikaanza kushuka. Ilichukua saa moja na nusu. Wakanywa chai, wakaongea habari za watoto wa Glodie, na hakuna aliyegusa habari za jana. Ilipokwisha, Léontine akaandika ile amri kwenye dirisha jeusi yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja. Mstari ukatokea.

Safari hii alisoma Léontine, na Yannick ndiye aliyeshika karatasi. Nne. Tisa. B ya Bunia. Sifuri. Yannick akawa anaitikia kila mara, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama watu wanaosali rozari. D ya Djugu. E ya Epulu. F ya Fataki. Katikati ya mstari mpangaji wa chumba cha pili akachungulia dirishani kuona ni maombi ya dhehebu gani. Walipofika herufi ya sitini na nne, ambayo ilikuwa A ya Aru, Yannick akasema ndiyo ya mwisho na kuweka karatasi mezani, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Wakaiweka programu. Antivirus ilikuwa macho, haikutoa hata kikohozi. Mstari wa kijani ukajaa, dirisha likasema kazi imekwisha vizuri. Léontine akafungua ule ukurasa wa Plamedie, akabonyeza. Ikaja nyekundu, maneno ya kosa. Akabonyeza tena. Nyekundu.

Ilikuwa saa tisa na nusu ya Jumatano, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Yannick aliiweka programu upya, akazima, akawasha, akajikuna kichwa. Mwishowe wakapiga picha yale maneno mekundu, wakamtumia Plamedie. Alijibu baada ya dakika chache, na walisikia kwenye sauti yake kwamba anajizuia kucheka.

"Marene," alisema, kama anavyomwita mama yake wa ubatizo, "ni aksan yako."

Akaeleza. Programu inapotaka kufikia vitu vyake, inapita kwenye folda, na folda kubwa kuliko zote ina jina la mwenye kompyuta, lile lililoandikwa siku ya kwanza. Njia ikifika kwenye é inakwama, kwa kuwa kipande kimoja cha programu hiyo kiliandikwa na watu wasiojua kwamba kuna majina ya namna hiyo. Majina yaliyo ndani ya kitabu hayana tabu, yatasomwa vizuri na aksan zake zote. Ni jina la mwenye mashine tu. Dawa ni kufungua akaunti nyingine ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kubadilisha mambo makubwa, ambayo kwanza ni salama zaidi, na kuiandika bila aksan.

Yannick akafunika mdomo. Maana yeye ndiye aliyemtayarishia kompyuta ile miaka mingi nyuma, akaandika Leontine, na shemeji yake akamrudisha kutoka kwenye lango ili aje aongeze kialama. Alishindwa kujizuia.

"Shemeki, mara ya kwanza nilikuwa nimeandika muzuri."

Alidhani Léontine atacheka, au atamfokea. Léontine hakufanya hata kimoja. Alikuwa ameweka mikono mapajani na kuitazama skrini, na machozi yalikuwa yanashuka tu, bila kelele. Yannick akaogopa. Akakata simu ya Plamedie kwa kumwambia watampigia baadaye.

"Nataka kukuambia kitu," alisema Léontine. "Padri hajui. Glodie hajui."

Yannick akakaa.

"Kitabu ya pili, ile nakala, ilipaswa kuja Bunia kila janvier, mwezi ya kwanza. Hiyo ndiyo sheria. Mwaka ile sikutuma. Niliona aksan mingi haiko, nikasema narekebisha kwanza. Wiki moja tena, wiki moja tena. Ikafika juin, mwezi ya sita. Moto ilikuta bitabu yote mbili ndani ya kabati moja. Batu wanasema ni moto. Ni miye, Yannick. Ni hii aksan yangu."

Miaka yote alikuwa ameyabeba hayo, na sasa aliyatoa mbele ya mtu ambaye jana alikuwa ameona haya kuliko yeye. Labda ndiyo sababu aliweza. Alisikia aibu, na nyuma ya aibu akasikia pumzi zinaingia vizuri kifuani. Yannick hakusema pole, na hakusema si kosa lako. Aliisogeza kompyuta mbele ya Léontine, akamfungulia mahali pa kutengeneza akaunti mpya, na kile kisanduku cha jina kikabaki wazi kinasubiri.

Léontine alijifuta kwa mgongo wa mkono. Akaandika L. Kidole chake kikaenda chenyewe mpaka kwenye kitufe cha é, pale kilipozoea kwenda, kikasimama hapo juu. Kisha kikahamia kwenye e, ile ya kawaida. Akamaliza jina lake na kubonyeza.

Wakaiweka programu ndani ya akaunti hiyo. Akabonyeza ukurasa wa Plamedie. Haikuja nyekundu. Herufi nyeupe zikaanza kushuka, majina mawili mawili, jina na mwenzake: Dhena Valérie na Dena Valerie, baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Mistari elfu mbili mia tatu na kumi na saba ilipitiwa kwa muda wa kumeza mate. Waliorudiwa walikuwa jozi hamsini na nane. Hakuna jina lililopoteza alama yake njiani, ila la mwenye kompyuta, pale juu pembeni.

Yannick akasema sasa ni kazi ya kukaa na kuamua, jozi kwa jozi, na kwamba mpaka kesho jioni itakuwa imekwisha. Léontine akakubali. Lakini hakuanza. Alitoa flashi kutoka kwenye leso, akaichomeka, akanakili kitabu kizima kama kilivyo, na Dhena wake na Dena wake. Akaichomoa. Akamwomba shemeji yake amfikishe kwa Padri. Yannick akauliza kwa nini asingoje kesho aipeleke ikiwa safi. Léontine alikuwa amekwisha kutoka nje, anafunga kilemba.

Padri Josaphat anakaa Mudzi-Pela, ng'ambo ya mto. Walimkuta uani anasoma. Aliipokea ile flashi, akaitazama pande zote mbili, na kwa kuwa anamfahamu mwandishi wake tangu zamani, akauliza kwa kutania.

"Mama Aksan, ulishamaliza kusahihisha?"

"Bado, Padri," alisema Léontine. "Ndiyo maana naileta leo. Na habari ya ile kabati ya Tsilo, naomba nikae kidogo nikuambie."